Zamu ya Mkurugenzi

Alama ya zambarau begani ndiyo iliyomuumbua Seweryn. Ilikuwa Jumatatu asubuhi, katika chumba cha kubadilishia nguo cha kiwanda cha madirisha, na alikuwa amevua shati. Bega lake la kulia lilikuwa limevilia damu, ukubwa wa kiganja, chini kidogo ya mtulinga. Mtu mwingine angedhani mke kampiga. Lakini Hieronim, dereva wa foklifti, mtu wa maneno machache, alitazama mara moja, akatazama tena, kisha akavuta ukosi wa fulana yake akamwonyesha alama kama hiyohiyo, mahali palepale.

"Sahani za udongo?" Hieronim akauliza kwa sauti ya chini.

"Sahani za udongo, zile za kurushwa hewani," akajibu Seweryn.

"Umepata ngapi?"

"Kumi na tisa katika ishirini na tano."

"Mama yangu! Mimi kumi na nne. Na bunduki yenyewe ya shemeji yangu, inapiga teke kama punda wa kukodi."

Wakacheka. Miaka karibu mitatu walikuwa wamefanya kazi zamu moja, na hawakuwa wamewahi kuambiana zaidi ya nipe glavu na sogeza mkokoteni.

Jioni Seweryn alimsimulia mkewe hayo mbele ya sahani ya viazi vya kuchemsha na jibini laini lenye vitunguu. Ludwika alimsikiliza kijiko kikiwa hewani. Tangu mumewe aingie kiwandani pale, hakuwa amemwona akirudi na jambo la kusimulia. Alikuwa mtu wa kula, kunawa na kukaa kimya. Furaha yake ilikuwa moja tu, kwenda Jumamosi mbili kwa mwezi kwenye uwanja wa shabaha wa mji wa pili, na hiyo nayo aliificha kama mtu anayeficha ugonjwa.

"Kwa nini hukumwambia mtu siku zote hizi?" Ludwika akauliza.

"Nimwambie nani? Ukisema kazini kwamba unapenda kulenga shabaha, watu wanaanza kuhesabu umegombana na nani."

"Na huyo Hieronim?"

"Hieronim ni mwenzangu," akasema Seweryn, na neno hilo akalitamka polepole, kama mtu anayejaribu kiatu kipya.

Bibi Marianna, mama yake Seweryn, aliyekuwa ameketi karibu na dirisha na rozari yake, akasema bila kugeuka, "Angalieni msipigane risasi huko. Kula, mwanangu, viazi vinapoa."

Kuanzia hapo kila wiki ikaja na jina lake. Wa pili alikuwa Sabina wa ofisi ya mishahara: funguo zake zilining'inia kwenye ganda la risasi lililotobolewa tundu. Wa tatu alikuwa Walkowiak, msimamizi wa zamu. Huyo, ukimsemesha, hugeuza sikio la kulia, maana la kushoto limeliwa na milio ya bunduki. Watu walidhani ni kiburi. Ludwika akawa anamngoja mumewe mlangoni. "Haya, leo nani?" anamuuliza. "Kisia," anamjibu. "Mpishi wa kantini?" "Yule? Yule hata kisu anakiogopa!" Na wanacheka, wawili hao ambao kicheko kilikuwa kimewapita kando miaka mingi.

Jina la nne Seweryn alilileta akiwa hajavua hata viatu.

"Bwana Grobelny."

"Bwana Grobelny yupi?"

"Yupo mwingine? Mkurugenzi! Ndiye mkuu wa Chama cha Jogoo. Walkowiak, Sabina, Hieronim, wote wamo. Na wamenialika."

Rozari ya Bibi Marianna ilisimama. Chama cha Jogoo kilikuwa cha walenga shabaha wa Mtakatifu Sebastiani, kikongwe kuliko mnara wa kanisa. Bendera yake ilikaa karibu na altare, na katika maandamano ya Ekaristi wanachama walitembea nyuma ya Sakramenti, wamevaa makoti ya kijani, watu wakitazama makoti kuliko nyuso. "Marehemu baba yako alikuwa akiwavulia kofia hao," bibi akasema, machozi yakimlenga.

Ludwika hakuwaza kofia. Aliwaza karatasi. Mkataba wa Seweryn ulikuwa wa tatu na wa mwisho, na ulikuwa unaisha tarehe thelathini Juni. Wa nne sheria haikuruhusu: ama mtu anaandikwa kazi ya kudumu, ama anaagwa. Kiwanda cha sukari kilikwisha kufungwa, na mji wa Zalesin haukuwa na kazi nyingine ya mwanamume wa miaka hamsini na mbili. Yeye Ludwika alifua na kupiga pasi nguo za kanisani, na kwa zloty alizopata hapo, nyumba ya watu watatu ingefika tarehe kumi ya mwezi. Kwa hiyo aliposikia jina la mkurugenzi alifanya ishara ya msalaba chini ya aproni, asionekane. Alidhani Mungu amefungua mlango.

*

Koti la kijani liliazimwa kwa mjane wa Ignacy, tarishi wa zamani. Ludwika alilipunguza kiunoni, akashona upya bitana, akafunika kwa uzi matundu mawili ya nondo. Alilitundika mlangoni, na siku tatu kila aliyepita aliligusa.

Wiki moja kabla ya Pentekoste, Walkowiak alikuja nyumbani. Alikalia kiti cha jikoni, sikio la kulia likielekea kwa wenyeji, akasifu keki ya chachu, akasifu kahawa.

"Shemeji, kahawa yako hii inafufua wafu."

"Kunywa basi, bwana Walkowiak, kabla hujafa," Ludwika akasema, na Walkowiak akacheka mpaka akakohoa. Kisha akaweka kikombe chini.

"Sikiliza, Seweryn. Wewe ni mgeni chamani, ndiyo maana nimekuja. Jumatatu ya Pentekoste tunamwangusha jogoo. Unajua inavyokwenda?"

Seweryn alijua, kama kila mtu wa Zalesin. Jogoo wa mbao, mkubwa kama bata bukini, alipigiliwa juu ya mlingoti. Wanachama walimlenga kwa zamu, wakimchana kipande kwa kipande, na atakayeangusha kipande cha mwisho ndiye Mfalme wa mwaka. Huvishwa mnyororo wa fedha, hutembea mbele ya wenzake katika kila sikukuu, na huwafanyia karamu.

"Basi jogoo wa mwaka huu ana mwenyewe," akasema Walkowiak. "Bosi na mama Aldona wanatimiza miaka ishirini na mitano ya ndoa. Ukumbi umekodiwa. Bendi imelipwa. Anataka avae mnyororo siku hiyo, mke wake amwone. Kila mtu anajua kazi yake. Hieronim atang'oa kichwa, Sabina bawa, mimi mkia, wewe utapewa bawa la pili. Ikifika kifua, sote tunakosa mpaka amalize yeye."

"Nitakosaje?" Seweryn akauliza. Alikuwa anauliza kweli. "Mita hamsini, bunduki imeegemezwa. Hata mama angepata."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Hieronim hahitaji kuambiwa."

Bibi Marianna akacheka peke yake dirishani. Walkowiak akanyanyuka, akajifuta makombo ya keki, na alipofika mlangoni akasema kama mtu aliyekumbuka jambo dogo: "Karatasi yako ya Juni iko mezani kwake. Mimi nimekwisha kukuandikia neno zuri."

Seweryn akatazama mikono yake. Ludwika akamjibia.

"Atakosa, bwana Walkowiak. Mimi mwenyewe nitahakikisha."

Mlango ulipofungwa, Seweryn akasema, "Wiki zote hizi nafurahi kwamba nimepata watu wanaopenda kulenga. Kumbe wanapenda kukosa."

"Ni kipande cha mbao, Seweryn."

"Najua ni mbao."

"Basi kikose, tule mkate."

*

Jumatatu ya Pentekoste, baada ya misa, mji mzima ulikuwa kwenye malisho nyuma ya kanisa. Soseji zilichomwa, watoto walilia wakitaka maputo, bendi ya zimamoto ilipiga kile ilichokijua. Ludwika alisimama nyuma ya kamba pamoja na wake wa wanachama. Mama Aldona, mke wa mkurugenzi, alimsalimia kwa busu la mashavu mawili, akamtazama Seweryn kwa mbali.

"Koti la marehemu Ignacy! Nimelijua kwa vifungo. Umelipunguza vizuri, mama, karibu hata haionekani."

Wanawake wawili wakatazama vifungo. Ludwika akasema ahsante.

Mwanzoni mambo yalikwenda kama yalivyopangwa jikoni kwake. Hieronim aling'oa kichwa kwa risasi ya saba, Sabina bawa, Walkowiak mkia. Seweryn alipewa bawa la pili, akaliangusha kwa risasi moja, safi, watu wakasema ohoo. Kikabaki kifua, kipande cha mbao nyekundu ukubwa wa ngumi, kikishikiliwa na parafujo moja.

Zamu ikaanza. Hieronim akakosa, udongo wa tuta lililo nyuma ya mlingoti ukaruka. Sabina akakosa. Walkowiak akakosa. Seweryn akakosa. Bwana Grobelny akaketi, akajiweka sawa, akavuta pumzi. Akakosa.

Watu wakapiga makofi ya kumtia moyo. Zamu ikarudi mwanzo. Wanne wakakosa tena, kila mmoja kwa namna yake, na mkurugenzi akalenga kwa muda mrefu zaidi, akakosa kwa umbali mrefu zaidi. Hapo ndipo lilipojulikana jambo ambalo hakuna aliyelipangia: mtu huyo, kwa miaka yote ya ukuu wake, hakuwa hodari wa shabaha. Kijana mmoja karibu na soseji akasema kwa sauti, "Mpeni jiwe!" Watu wakacheka. Mke wa mzimamoto mmoja akasema, "Jogoo huyu atakufa kwa uzee." Wakacheka zaidi.

Shingo ya mkurugenzi ikawa nyekundu. Alipokuwa akimwachia Hieronim nafasi ya zamu ya tatu, akamgeukia Seweryn, akitabasamu, na akasema ili kila mtu asikie, "Na wewe, Ratajczak! Niliambiwa tumepata fundi. Kumbe fundi wa maneno ya chumba cha kubadilishia nguo. Labda koti linakubana?"

Kicheko kikapanda kama moshi. Sabina alicheka. Hieronim, aliyekuwa anaketi kulenga, naye alicheka, mabega yakimtikisika. Seweryn pia alicheka. Ludwika alimwona akicheka na akaogopa.

Hieronim akakosa. Sabina akakosa. Walkowiak akakosa.

Seweryn akaketi. Ludwika aliujua mgongo ule kuliko alivyojua sala. Katika zamu mbili zilizopita alikuwa ameona koti la kijani likipanda na kushuka, maana mtu anayetaka kukosa haoni haja ya kushika pumzi. Safari hii mgongo ulitulia. Mshono alioushona mwenyewe ulinyooka, ukasimama. Alitaka kuita jina lake. Mdomo ulifunguka, na mbele ya mama Aldona na wanawake wale hakujua aite nini.

Mlio ukatoka. Kifua cha jogoo kikaruka kutoka kwenye parafujo, kikageuka mara mbili hewani, kikaanguka majanini.

Bendi haikujua ipige au isipige. Kisha mkurugenzi mwenyewe akapiga makofi, wa kwanza, polepole, na nyuma yake watu wote. Alimkumbatia Seweryn. Kwa mikono yake akamvika mnyororo wa fedha, mzito, wenye bamba la kila mfalme tangu zamani za mababu, akapaza sauti: "Mfalme aishi!"

"Ilikuwa imekwisha kupasuka," Seweryn alikuwa akimwambia kila aliyempa mkono. "Ni upepo. Imeanguka yenyewe."

*

Hakuna aliyemtukana. Hilo ndilo Ludwika alilolirudia baadaye kwa Bibi Marianna, kwa padre, na kwake mwenyewe juu ya meza ya pasi. Hakuna aliyemnyooshea mtu kidole. Hata karamu ya mfalme mkurugenzi aliigharimia, kwa kuwa ukumbi ulikuwa umekodiwa na bendi imelipwa. Alisema hadharani kwamba chama ni familia, na mfanyakazi wake hataaibika. Seweryn aliketi meza kuu akiwa na mnyororo, kati ya keki ya ndoa ya watu wengine na kiti ambacho hakuna aliyekikalia, akila bata aliyelipiwa. Kila alipofungua mdomo, bendi ilianza.

Kiwandani Hieronim alianza kubadilisha nguo ghalani, kwenye foklifti yake. Alisema kule kuna joto zaidi. Sabina alinunua kishika funguo kingine, cha plastiki. Walkowiak alimpa kazi kwa kuandika kwenye ubao. Seweryn alirudi nyumbani, akala, akanawa, akakaa kimya, na Ludwika akaacha kumngoja mlangoni.

Siku ya tano alivaa blauzi yake ya kanisani, akaenda kwa mama Aldona. Keki hakubeba, alijua wenyewe wanazo. Alibeba vitambaa viwili vya meza alivyovidarizi miaka ya usichana wake, ambavyo hakuwahi kuvitandika.

Mama Aldona alimkaribisha sebuleni, akavisifu vitambaa, akaviweka juu ya piano bila kuvikunjua.

"Mama Aldona," Ludwika akasema, "nimekuja kuomba msamaha. Haikuwa makusudi. Ile mbao ilikuwa imepasuka."

"Msamaha wa nini, jamani? Ni mchezo!"

"Siku yenu kubwa..."

"Siku yetu ilikwenda vizuri mno. Ulikula keki? Sikukuona ukila." Akammiminia kahawa. "Mume wangu alicheka mpaka nyumbani. Alisema, angalau mmoja wao anajua kulenga."

Ludwika akashika kikombe kwa mikono miwili. "Kuna karatasi ya mume wangu. Ya Juni. Walisema iko mezani kwa bwana mkurugenzi. Kama mama ungeweza kusema neno..."

Mama Aldona akaweka mkono wake juu ya mkono wa Ludwika. Mkono ule ulikuwa wa joto, na uso wake ulikuwa wa huruma ya kweli. Ludwika aliyatazama macho yake akitafuta ubaya wa kuushika, hakuupata.

"Mpenzi wangu, mimi mambo ya kiwanda siyagusi. Na yeye hachanganyi. Chama ni chama, kazi ni kazi. Ningemwambia, angenikasirikia mimi, na mumeo usingemsaidia kitu. Wanasema maagizo yamepungua, Wajerumani hawanunui madirisha. Tuombe tu."

"Ndiyo, mama. Tuombe."

Alisindikizwa mpaka getini. Mama Aldona alimfungia kipande cha keki, kikubwa, kwa ajili ya bibi.

*

Barua ilitoka Jumanne, mistari minne. Muda wa mkataba unafika mwisho tarehe thelathini, kampuni haitauendeleza, kampuni inamshukuru kwa utumishi wake, glavu na viatu virudishwe stoo. Saini ya Sabina ilikuwa chini ya ukurasa, mahali pa aliyeandaa.

Seweryn aliiweka mezani, akakaa. Mchana ulikuwa mweupe, redio ya jirani ilikuwa ikicheza. Ludwika alikuwa anapiga pasi alba ya padre, kanzu nyeupe ya ibada, ile ya sikukuu, na hakuweza kuacha maana kitambaa kilikuwa kimekwisha kulowanishwa.

"Ulishika pumzi," akasema.

Seweryn aliendelea kutazama barua.

"Mara mbili za kwanza ulikuwa unapumua. Ile ya tatu ulishika pumzi. Niliona mgongo."

"Umemwambia mtu?"

"Nimwambie nani? Nimeapa kwa mke wa Grobelny kwamba ni ufa. Nimedanganya mkononi nina kahawa yake."

Seweryn alijisugua uso. "Nilitaka kukosa, Ludwika. Nakuapia mbele ya mama. Nilielekeza mtutu pembeni kabisa. Halafu nikamsikia Hieronim anacheka." Akaigeuza barua kifudifudi. "Wengine wangecheka, sawa. Yeye alikuwa amenionyesha bega lake."

Ludwika alitaka kukasirika. Alikuwa na haki. Mkate ulikuwa wake pia. Alimtafuta ndani yake yule mwanamke wa kupiga kelele, na aliyemkuta ni yule aliyemwambia Walkowiak kwa kinywa kipana kwamba atahakikisha. Akageuza mkono wa alba, akaupiga pasi upande wa pili.

"Rudisha mnyororo," Bibi Marianna akasema kutoka dirishani. "Mtu asiye na kazi hawezi kuwa mfalme wa watu. Rudisha, wakuonee huruma."

Seweryn akauchukua mnyororo siku ileile, umefungwa kwenye taulo, akaenda kwa Walkowiak. Alirudi nao.

"Haurudishwi," akasema. "Ametoa kitabu cha sheria akanisomea. Mfalme ni mwaka mzima. Anatoka kwa kifo au kwa kuhama parokia. Na asipoonekana katika maandamano ya Ekaristi, chama kinamtangaza kanisani kwamba amemkosea heshima Mtakatifu."

"Alisemaje mwenyewe? Walkowiak?"

"Alisema, 'Ungekosa tu, ndugu yangu.' Akanipa sigara."

*

Alhamisi ya Mwili na Damu ya Kristo, mitaa ya Zalesin ilipambwa. Altare nne zilisimama kwenye pembe nne za mji, zimezungushiwa matawi ya miti ya mbirchi, na wasichana wadogo wenye nguo nyeupe walimwaga maua mbele ya padre. Padre Wit alibeba monstransi, chombo cha Sakramenti, chini ya kitambaa kilichoshikwa kwa miti minne, amevaa alba aliyoipiga pasi Ludwika. Nyuma yake tu, peke yake, kama sheria ilivyotaka, alitembea Mfalme.

Habari ya barua ilikuwa imekwisha kuenea. Ludwika aliijua kwa namna watu walivyomwachia nafasi. Pembeni mwa barabara wazee walivua kofia Seweryn alipopita, maana mnyororo ni mnyororo, kisha wakanong'onezana nyuma ya kofia. Mwanamke mmoja akasema, "Maskini, na koti lenyewe si lake." Mwingine akasema, "Alijitakia." Watoto wakauliza fedha ile ni ya kweli. Bibi Marianna, kwenye kiti cha kukunja mbele ya duka la mikate, alimwona mwanawe akipita mahali ambapo baba yake alizoea kusimama, akajipiga kifua kwa ngumi ndogo, na hakuna aliyejua kama ni toba au fahari.

Nyuma ya Seweryn walitembea wenzake kwa safu: mkurugenzi, Walkowiak, Sabina, Hieronim na bendera. Ludwika aliwafuata kando ya barabara akitazama mabega yao. Wote wanne aliwajua kwa simulizi za mlangoni, kila mmoja na wiki yake. Alijaribu kuwachukia wakati wa litania, akashindwa, maana kila walipoimba utuhurumie na yeye alilazimika kuitikia, na sauti yake ikaingia ndani ya zao.

Kwenye altare ya nne kengele ikalia na mji wote ukapiga magoti juu ya mawe. Seweryn alipiga magoti peke yake mbele, jua likimpiga kisogoni. Mnyororo ulikuwa umeteleza, bamba la katikati limepinda kuelekea kwapani, na yeye, mikono imekunjwa katika sala, hakuthubutu kuugusa.

Bwana Grobelny aliona. Akasogea mbele kwa magoti, hatua mbili, taratibu, bila kuharibu ibada. Kwa mikono yote miwili akauinua mnyororo, akaunyoosha juu ya mabega ya Seweryn, akaliweka bamba sawasawa katikati ya kifua. Kisha akamfuta vumbi begani, kama baba anayemtengeneza mwana siku ya komunyo ya kwanza. Watu waliokuwa karibu walitikisa vichwa kwa kuguswa. Mama Aldona alitoa leso.

Ludwika alikuwa hatua tano tu kutoka pale, na aliona midomo ya mumewe ikisogea.

"Ahsante, bwana mkurugenzi," akasema Seweryn.

Padre akainua Sakramenti. Ludwika akainamisha kichwa pamoja na wengine.